Kompyuta "imekufa"? Historia ya vikopo vilivyovimba, na koltani ya Masisi ndani ya mashini

Goma – Kuna swali moja mnalotuletea mara kwa mara: kompyuta ilikuwa inafanya kazi jioni, asubuhi haiwaki, fundi wa barabarani amesema imekufa, tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma? Leo nitajibu, lakini nitapita njia ya mbali kidogo. Jibu lina historia yake. Inaanzia Philadelphia huko Marekani, inafika Taiwan na Texas, kisha inapanda vilima vya Masisi ambako wengi wenu mlitoka.

Nianze na yaliyotupata sisi wenyewe. Katika kambi moja upande wa magharibi wa Goma, klabu yetu ya wasikilizaji wa redio ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, kuukuu, iliyotoka katika ofisi fulani ya ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na orodha: majina ya familia, kijiji walikotoka, siku waliyofika, na watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Mwalimu mmoja aliyehama vita aliiandika kila jioni, jina kwa jina, kwa kuranti ya paneli ya jua. Halafu mashini ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Baada ya wiki mbili ikakataa kabisa. Mnunuzi wa vyuma akatupa bei: dola 5. Msicheke. Kambini dola 5 zilikuwa unga wa siku kadhaa, na nusu ya kamati ilitaka kukubali.

Kilichotuzuia ni habari ya mama mmoja jirani. Miezi michache kabla alikuwa ameuza kompyuta ya marehemu mume wake kwa bei kama hiyo hiyo, baada ya kuambiwa kwamba imekufa. Humo ndani mlikuwa na picha za karatasi za shamba lao. Karatasi zenyewe zilibaki nyumbani, na nyumba ikaungua. Alipokuja kuelezwa kwamba picha hukaa kwenye diski, na kwamba diski hutolewa na kuwekwa katika mashini nyingine, hakusema neno. Mnunuzi alikuwa ameshaondoka zamani na hakuna aliyejua alikoelekea.

Kwa hiyo, kabla ya yote: kompyuta kukataa kuwaka si diski kufa. Hayo ni mambo mawili. Mengine yote katika makala hii yanafuata nyuma ya hilo.

Mafundi wa kwanza wa kutafuta ugonjwa

Kompyuta haijawahi kuwa kitu kisichougua. Februari 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, walionyesha watu mashini inayoitwa ENIAC. Ilijaza chumba kizima, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na ndani yake mlikuwa na lampu karibu 18,000, zile lampu za kioo ambazo wazee wetu walizijua katika redio za zamani. Lampu moja ikifa, hesabu nzima inaharibika. Hata baada ya kupata lampu nzuri zaidi, bado moja ilikufa kila baada ya siku moja au mbili. Sasa fikiria: lampu 18,000, moja ni mbaya, utaijuaje?

Waliojua walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Kazi yao ilikuwa kuipangia mashini hesabu. Kitabu cha maelezo hakikuwapo. Walijifunza kwa kusoma michoro ya nyaya na kuwauliza waliojenga. Kwa sababu walijua kila njia ambayo kuranti inapita, kosa likitokea waliweza kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka karibu wafike kwenye lampu yenyewe. Siku ya sherehe hawakutajwa. Dunia ilikuja kuwakumbuka miaka mingi baadaye.

Mhandisi mkuu wa mashini ile, J. Presper Eckert, aligundua mambo mawili ambayo mafundi wetu wanayajua bila kumjua yeye. La kwanza, lampu isisukumwe mpaka mwisho wa nguvu zake. Ukiipa volti chini kidogo ya kiasi iliyoandikiwa, inaishi zaidi. La pili, lampu nyingi zinakufa wakati wa kuwasha na kuzima. Sisi tunaoishi na kuranti inayoondoka na kurudi mara sita kwa siku hatuhitaji profesa kutueleza hilo.

Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard mashini nyingine, Mark II, ilikuwa inatoa hesabu mbaya. Walipoifungua walimkuta nondo amebanwa ndani ya swichi moja ndogo ya umeme. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi na kuandika chini yake kwamba huyu ndiye mdudu wa kweli wa kwanza kukamatwa. Ulikuwa mzaha, kwa sababu wahandisi wa Kiingereza walikuwa wakiita kosa la mashini "mdudu" tangu karne ya 19. Daftari lenyewe bado lipo na nondo wake, katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Kwetu mdudu huyo ana sura nyingine: mende. Kompyuta iliyokaa karibu na jiko mara nyingi ina ukoo mzima wa mende ndani, wanaofuata joto.

Nitaruka miaka. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo ya mezani, ambayo ndiyo babu wa nyingi tunazotumia. Ilikuwa na tabia moja nzuri: ikiwashwa, kabla ya kitu kingine chochote, inajipima yenyewe, kisha inalia. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha kila kitu kiko sawa. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, tatizo liko upande wa kuonyesha picha. Ukimya mtupu, angalia kuranti. Tangu hapo kila kiwanda kimeweka orodha yake ya milio, na haifanani. Ndiyo maana fundi mzuri huwasha, akanyamaza, akasikiliza. Fundi anayeanza na bisibisi kabla ya kusikiliza, mimi simwamini sana, naomba msamaha kwa wanaohusika.

Vikopo vinavyovimba

Tukirudi kwenye kompyuta ya klabu. Fundi tuliyempelekea ni kijana wa hapa mjini, ana meza moja chini ya mwavuli. Kwanza aligusa waya wa kuranti, akabadilisha na wake. Akaangalia nyuma ya boksi la kuranti kama ile swichi ndogo nyekundu iko kwenye 230. Hilo ni jambo kubwa: mashini nyingi za zamani zinazotoka Marekani zinafika zikiwa kwenye 115, kwa kuwa huko volti ni karibu 120. Ukiichomeka kwetu kwenye volti 220 bila kugeuza swichi, utasikia mlipuko, na hapo kweli utaanza kulia. Yetu ilikuwa sawa. Kisha akatoa kijiti cha kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa gamu ya kufutia penseli, akarudisha. Bado.

Halafu akawasha tochi ya simu, akamulika ule ubao mkuu wa ndani, akaniita.

"Papa, kuja uangalie. Hii haikufa. Iko na tumbo."

Karibu na mahali panapokaa prosesa kulikuwa na vikopo vidogo vya alumini, vimesimama kama mapipa katika dipo. Vingi vilikuwa bapa juu. Vitatu vilikuwa vimevimba kichwani, na kimoja kilikuwa kimetoa uchafu wa rangi ya kutu.

Vikopo hivyo vinaitwa kondensateri. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema kapasita. Kazi yake ni kama ya tangi la maji nyumbani. Kuranti ya prosesa inakuja kwa mapigo mapigo. Kondensateri inaweka akiba na kuitoa polepole, ili prosesa inywe bila kukabwa. Ndani yake kuna karatasi mbili nyembamba za alumini na karatasi ya kawaida iliyolowa maji ya kemikali, vyote vimeviringishwa kama sigara. Juu ya kopo wamechora msalaba au herufi K: ni mahali palipopunguzwa unene kwa makusudi, ili gesi ikizidi ndani, kopo lipasukie hapo na si kwingine.

Kondensateri nzuri inaishi miaka. Lakini kuanzia mwaka 1999 hivi mpaka katikati ya miaka ya 2000, mamilioni duniani zilianza kuvimba baada ya mwaka mmoja, miwili, wakati mwingine miezi. Wafundi wa nchi za nje wakaipa jina la tauni. Kwa mujibu wa yaliyoandikwa mwaka 2002 na 2003, likiwemo jarida la wahandisi IEEE Spectrum la Februari 2003, chanzo kimoja kilikuwa wizi. Mtaalamu mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Japani alihamia China na kuondoka na maarifa ya yale maji ya kemikali. Watu waliofanya naye kazi huko nao wakaondoka na fomula, wakaipeleka Taiwan. Lakini walichokipata hakikuwa kamili. Maji hayo yana, kama jina lenyewe, maji mengi, na maji yanakula alumini na kutoa gesi ya hidrojeni. Fomula nzima ina dawa za kuzuia hilo. Iliyoibwa haikuwa nazo. Vikopo vikatoka kiwandani vikiwa vizuri kwa macho, vikipimwa vinapita, vikauzwa kwa bei nafuu kwa watengenezaji wa mbao za kompyuta, huku gesi ikijikusanya ndani taratibu.

Hata hivyo, si kila kikopo kilichovimba kilitoka kwa mwizi. Kampuni ya Dell ilinunua kondensateri kutoka Nichicon, kampuni ya Japani yenye jina zuri, nazo zikaharibika pia. Kesi iliyofika mahakamani Marekani, na nyaraka zake zikatangazwa na gazeti la New York Times Juni 2010, zilionyesha kwamba kati ya Mei 2003 na Julai 2005 Dell ilitoa kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika hivyo. Mwaka 2005 ilikuwa imeshatenga dola milioni 300 za kutengeneza na kubadilisha.

Kuna kisa kimoja katika nyaraka hizo ambacho kila mteja wa hapa atakielewa. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ililalamika kwamba kompyuta zao zinakufa. Jibu walilopewa ni kwamba wamezichosha kwa kuzipa hesabu ngumu mno. Watu wa hisabati! Tunaoishi huku tumezoea kuambiwa "ni kosa lako, umeiwasha vibaya". Kumbe hata profesa wa Texas anaambiwa.

Na kompyuta za ofisi za miaka ile zilienda wapi zilipochakaa? Nyingine zilitengenezwa, nyingine zikatupwa, nyingine zikauzwa kama mitumba. Bidhaa kama hizo hupita Mombasa, zikapita Kampala, zikafika kwenye meza zetu. Mashini iliyochukuliwa kama takataka ya ofisi kule, kwetu ni mali ya klabu nzima.

Fundi alivitoa vikopo vitatu kwa chuma cha moto na risasi (si ile mnayoifikiria, ni ile ya kuunganishia nyaya). Akaweka vingine alivyochomoa kwenye ubao uliokufa kwa ugonjwa mwingine. Nilimwangalia anavyochagua. Namba ya mikrofaradi iwe ile ile. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe si chini. Joto lililoandikwa liwe digrii 105. Na mstari ulio ubavuni mwa kopo la alumini unaonyesha upande wa kutoa, ukigeuza, kitapasuka. Kuhusu joto alinipa hesabu ambayo wahandisi pia wanaitumia: kila ukipunguza digrii 10, maisha ya kondensateri yanaongezeka karibu mara mbili. Ndiyo sababu vumbi jeusi la volkano linaloziba feni za mashini zetu linaua polepole. Brashi ya kupakia rangi na dakika kumi kila mwezi, ndivyo tu.

Punje ya rangi ya manjano

Tulipokuwa tunasubiri risasi ipoe, kijana mwingine alikuwa amekaa pale anangojea simu yake. Alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Rubaya, na alichimba huko tangu utoto. Akaona juu ya meza ubao wa kompyuta ya mkononi na juu yake punje ndogo za rangi ya manjano, zenye umbo la tofali. Akauliza ni nini.

Fundi akasema: "Hiyo ni kazi yako, ndugu yangu."

Punje ile nayo ni kondensateri, lakini haina maji ndani. Imetengenezwa kwa unga wa tantali uliobanwa na kuchomwa mpaka ukashikana. Tantali inatoka katika koltani. Wamarekani wa maabara za Bell walitengeneza kondensateri ngumu za aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sifa yake ni kuweka akiba kubwa mahali padogo. Ndiyo maana simu na kompyuta za mkononi zikaipenda.

Mnajua kilichofuata, ila labda hamjakiona kimeunganishwa. Mwaka 2000, wakati vile vikopo vibaya vilikuwa vinaingia katika kompyuta za dunia, simu na mashini za kielektroniki ziliongezeka haraka na wanunuzi wakagombania tantali. Bei ikapanda mara kadhaa ndani ya mwaka ule. Katika Masisi na Walikale watu waliacha mashamba, vijana wakaacha masomo, ng'ombe wengi walikuwa wameshaliwa na vita, na kilo ya mchanga mweusi ikawa mshahara wa miezi. Novemba 2000 utawala wa RCD hapa Goma ukaipa kampuni moja, SOMIGL, haki peke yake ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Aprili mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao juu ya uporaji wa mali ya Kongo. Taasisi ya Pole ya hapa Goma nayo ilichapisha Januari 2002 uchunguzi wake juu ya jinsi madini hayo yalivyogeuza maisha ya Kivu ya Kaskazini. Mwezi huo huo, tarehe 17, Nyiragongo ikateremka mjini.

Baadaye ikaja sheria ya Marekani ya Julai 2010 ambayo huku tunaiita sheria ya Obama, ikidai makampuni yaseme madini yao yanatoka wapi. Septemba mwaka huo rais Kabila akafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011, na wachimbaji wadogo wakalala njaa. Aprili 2024 Rubaya ikabadilisha mikono tena, na barabara ya Sake ikajaa magodoro. Yaliyobaki mnayajua kuliko mimi.

Kijana aliishika ile punje kwenye ncha ya kidole. Alituambia amebeba mifuko ya mchanga ule mgongoni kwa miaka, na hajawahi kuona unaishia wapi. Fundi akamwonyesha pia inavyougua. Kopo la alumini linavimba na kukuonya, tantali haivimbi. Inapokufa, mara nyingi inafunga njia na kuacha kuranti ipite moja kwa moja, mashini inakataa kuwaka, na wakati mwingine inaungua kwa harufu kali. Kuitafuta unapitisha volti ndogo kwenye ubao, kisha unagusa punje moja moja kwa kidole: iliyo ya moto kuliko wenzake ndiyo. Na kuna mtego hapa. Mstari kwenye punje ya tantali unaonyesha upande wa kujumlisha, kinyume kabisa cha kopo la alumini. Mafundi wengi wanaojifunza peke yao wamechoma mbao za watu kwa sababu hiyo.

Sasa majibu kwa walioniandikia. Mashini isipowaka, jaribu waya mwingine na soketi nyingine. Angalia swichi ya volti. Washa usikilize milio, uihesabu, uiandike kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa fundi. Ukifungua, ondoa kuranti kwanza, na boksi la kuranti lenyewe usilifungue kamwe: lina kondensateri kubwa zinazobaki na nguvu ya kukurusha hata baada ya kuchomoa waya. Sugua kumbukumbu. Mulika vikopo. Na kama fundi atasema haiwezekani tena, mwambie akutolee diski mbele ya macho yako, uende nayo. Diski ikilia tik-tik-tik, usiendelee kuiwasha. Kila jaribio linaongeza majeraha. Nimeona diski kama hiyo ya parokia moja, na humo majina hayakurudi.

Yetu ilirudi. Fundi alichomeka waya, akabonyeza, feni ikazunguka, tukasikia mlio mmoja mfupi. Alitutoza dola 7, mbili zaidi ya zile za mnunuzi wa vyuma, na mweka hazina wetu alinung'unika mpaka jioni. Mwalimu alifungua orodha hapo hapo mezani, akateremka mpaka jina la mwisho kuona kama limo. Kesho yake tulichapisha nakala tatu: moja ilibaki kwa mwalimu, moja kwa kiongozi wa kambi, na ya tatu aliichukua yule mama wa karatasi za shamba, akaifunga katika plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi.